Kusindikiza kitu kwa macho: ubongo unafanyaje, na mbona pasipo kitu macho yanarukaruka?

mwalimu_afya_chake

Assalaam aleikum wanajukwaa.

Natayarisha somo la uchunguzi wa macho na neva kwa wanafunzi wa utabibu, na jambo hili nataka lieleweke sawasawa. Mtu akikaa pwani akaisindikiza ngalawa kwa macho, macho yanateleza nayo bila kukatika. Ngalawa ikishapita, akijaribu kuyapitisha macho vilevile juu ya upeo wa bahari usio na chombo, hayatelezi tena. Yanaruka yanatua, yanaruka yanatua. Misuli ni ileile sita kwa kila jicho na neva zinazoiendesha ni zilezile tatu.

Masuali yangu:

1. Kwa nini jicho halitelezi bila kitu cha kufuata, na amri yake inatoka wapi?
2. Kusindikiza kukiharibika kuelekea upande mmoja tu, jeraha la ubongo nilitafute upande gani? Vitabu vinasema "upande uleule", lakini mruko wa macho unatawaliwa na upande wa pili. Wanafunzi wanachanganyikiwa hapo.
3. Tuna peni, rula, kitambaa na kiti cha ofisi kinachozunguka. Mashine ya kurikodi macho hatuna. Vinatosha?

binti_uzi

Wa aleikum salaam maalim. Suali la mwanzo ndilo linalofungua mengine.

Mfumo wa kusindikiza unaendeshwa na mwendo, na nia ya mtu haitoshi kuuwasha. Unachopokea ni kasi ya taswira inayoteleza juu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwa digrii kwa sekunde. Taswira ya ngalawa ikiteleza digrii 2 kwa sekunde, jicho linaamriwa lizunguke kwa kasi hiyo na taswira inatulia. Kwenye upeo mtupu hakuna kinachoteleza, basi hakuna amri. Mruko, au sakadi, unataka kuambiwa mahali tu: "pale". Mahali mtu anaweza kujichagulia mwenyewe hata ukutani. Kasi hawezi kuibuni. (Kuna upenyo mdogo: mtu akipitisha kidole chake gizani, macho yanakisindikiza kiasi, kwa kuwa ubongo una habari za mkono. Ila ni dhaifu.)

Ushahidi ninaoupenda kuufundishia ni jaribio la Rashbass la 1961. Nukta imekaa katikati. Ghafla inaruka digrii 3 kushoto, na papo hapo inaanza kwenda kulia kwa digrii 15 kwa sekunde, kwa hiyo inarudi katikati baada ya sekunde 0.2. Katika muda huo nukta iko kushoto lakini mwendo wake unaelekea kulia. Jicho linaanza kwenda kulia, tena mara nyingi bila mruko wowote. Lingekuwa linafuata mahali, lingeanza kwa kwenda kushoto. Mchoro wa mistari miwili ubaoni, mmoja wa nukta na mmoja wa jicho, unamaliza kazi.

Sasa muda. Tangu kitu kianze kwenda mpaka jicho lianze kusindikiza ni takriban milisekunde 100 hadi 150. Mruko huchukua kama 200. Kitu kikienda digrii 20 kwa sekunde, milisekunde 100 ni digrii 2 zimeshapotea, na sehemu ya fovea (kitovu cha retina) inayoona kwa ukali kuliko zote ina upana wa digrii moja hivi. Ndiyo maana jicho zima kabisa linaweza kuruka mara moja mwanzoni, likikamate kitu, kisha liteleze. Mwambieni mwanafunzi asiuandike mruko huo kuwa dalili.

Halafu kuna fumbo ambalo wengi hulipita. Jicho likishaifikia kasi ya kitu, taswira inatulia na mteleko kwenye retina unakaribia sifuri. Ikiwa mteleko ndio chakula cha mfumo, mbona jicho halisimami? Jawabu ni kwamba ubongo unajiwekea nakala ya amri uliyoitoa. Unajua jicho linakwenda digrii 15 kwa sekunde na taswira imetulia, basi kitu nacho kinakwenda digrii 15. Kwa hiyo amri inashikiliwa, na mteleko mdogo unaobaki unaisahihisha tu. Itazameni ngalawa inapopita nyuma ya jahazi lililotia nanga: tanga linapotea, lakini macho hayasimami mara moja. Yanaendelea kwa kasi iliyopungua, na mtu akitarajia litokee upande wa pili yanaongeza kasi kabla halijatokea.

Kutabiri huko ndiko kunakofidia ucheleweshaji. Kitu kikienda na kurudi kwa mpangilio, mfano pendulumu inayomaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 3 au 4, baada ya mzunguko mmoja tu jicho halichelewi tena. Mwendo usiotabirika haupati msaada huo.

Njia yenyewe, kwa kifupi: retina, talamasi (khasa tabaka zake za seli kubwa), gamba la kuona la nyuma ya kichwa, kisha maeneo mawili jirani yanayoitwa MT na MST, pale gamba la kisogo, la juu (parietali) na la ubavuni (temporali) yanapokutana. MT inapima kasi na upande wa mwendo. MST inaichanganya habari hiyo na ile nakala ya amri. Kutoka hapo habari inakwenda pia kwenye uwanja wa macho wa paji, FEF, unaoamua kitu gani kisindikizwe na kwa nguvu kiasi gani. Maeneo haya yanapeleka habari chini hadi viini (vifundo vya seli za neva) vya ponsi, sehemu ya shina la ubongo, viini vinaipeleka serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma (kwenye flokulasi na paraflokulasi, pamoja na sehemu ya nyuma ya vemisi), na serebela inaviamuru viini vya vestibula, vinavyohusika na mizani, navyo vinaziamuru neva za macho.

Mwisho wa njia kuna kazi moja zaidi. Amri ya kasi inalisogeza jicho, lakini tishu zinazolizunguka zinalivuta lirudi katikati, kwa hiyo misuli sharti ipate pia amri ya kulishikilia lilipofika. Kuigeuza kasi kuwa mahali, kwa mwendo wa ulalo, hufanywa na kiini cha prepositasi haipoglosi pamoja na kiini cha vestibula cha upande wa ndani. Kwa wima ni kiini cha Cajal kwenye ubongo wa kati. Kazi hiyo ikiharibika jicho linafika pembeni kisha linateleza kurudi, na mchunguzi anaona nistagmasi (macho kupigapiga yenyewe) ya kutazama pembeni.

tabibu.mkoani

Binti Uzi ameeleza vizuri sana. Nashika suali la pili.

Mwambie mwanafunzi hivi: mruko unavuka mara moja, kusindikiza kunavuka mara mbili, kwa hiyo kunarudi kwao. Njia ya kusindikiza inashuka kutoka gamba hadi viini vya ponsi upande uleule. Inavuka kwenda serebela ya upande wa pili. Kisha kutoka viini vya vestibula inavuka tena hadi kiini cha neva ya sita (inayolipeleka jicho nje) cha upande ilikoanzia. Jeraha la ubongo wa kulia, kwenye MST, kwenye FEF au kwenye nyuzi zinazoshuka ponsi, linadhoofisha kusindikiza kwenda kulia. Jeraha hilohilo likigusa njia ya mruko, linachelewesha miruko ya kwenda kushoto. Mgonjwa mmoja, jeraha moja, pande mbili tafauti.

Kuna jambo ambalo somo likiliacha halitakuwa kamili. MT haifuati kanuni ya upande wa mwendo. Kazi za Newsome na Wurtz kwa nyani, miaka ya 1980, zilionesha kuwa MT ya kulia ikiharibiwa, tatizo linafuata sehemu ya uga wa kuona (eneo lote ambalo macho yaliyotulia yanaliona). Kitu kikianzia uga wa kushoto, jicho linakosea kasi yake kikienda kulia au kushoto. Wakati huohuo mruko wa kwenda kwenye kitu kilichosimama palepale unatua barabara, yaani kuona kupo, kilichopotea ni kipimo cha kasi. MST ikiharibiwa, tatizo linakuwa la upande wa mwendo: kwenda upande wa jeraha. Kwa peni inayoanzia katikati hamtayatenganisha haya. Anzeni peni digrii 10 ndani ya uga wa kushoto, mwendo kulia kisha kushoto, halafu mrudie uga wa kulia.

Kwenye serebela msitegemee kanuni ya upande. Maradhi ya serebela mengi yanaeneza uharibifu na pande zote mbili zinadhoofu. Kwa nyani walioondolewa serebela yote, kazi ya Westheimer na Blair ya 1973, kusindikiza kulitoweka kabisa.

macho_darajani

Suali la tatu: vinatosha, mkipima mwendo wenu wenyewe. Kosa nambari moja la uchunguzi huu ni mkono wa mchunguzi kukimbia.

Mkalisheni mgonjwa, na peni iwe sentimita 57 kutoka machoni pake. Pimeni kwa rula, msikisie. Kwa umbali huo sentimita 1 ni takriban digrii 1, kwa hiyo hesabu zinafanyika kichwani. Sogezeni peni sentimita 20 kulia kwa katikati na 20 kushoto. Safari nzima ya sentimita 40 ichukue sekunde 3, ambayo ni kama digrii 13 kwa sekunde. Metronomu ya simu ikiwekwa mapigo 60 kwa dakika, peni inafika mwisho pigo la tatu baada ya lile la kuanzia. Mkishazoea, fanyeni kwa sekunde 2, yaani digrii 20. Kwa kasi hizi mtu mzima asiye na tatizo, kasi ya jicho lake ukiigawa kwa kasi ya kitu unapata kati ya 0.9 na 1. Kupita digrii 30 kwa sekunde uwiano unaanza kushuka kwa kila mtu, na mchunguzi anayekata zile sentimita 40 kwa sekunde moja keshafika 40. Hapo atawaona wagonjwa wote "wabovu".

Mfano wa barabarani unawaingia haraka. Daladala inayokwenda kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 30 kutoka barabarani, gari likipita mbele yake, macho yanatakiwa kwenda kama digrii 21 kwa sekunde, na yanateleza. Akisogea mita 10 kutoka barabarani, gari lilelile linataka digrii 63. Macho yataruka, na kichwa kitageuka kusaidia.

Mengine yanayoharibu kipimo: peni ikiwa karibu kuliko sentimita 40, macho yanaanza kukutana kuelekea puani na picha inachafuka. Ikipita digrii 30 pembeni, hata mtu asiye na tatizo anaweza kuonesha nistagmasi ndogo ya mwisho wa safari. Ukuta wenye michoro au watu wanaopita nyuma ya peni unapunguza kasi ya jicho, kwa hiyo mchunguzi asimame mbele ya ukuta mtupu. Kichwa kikigeuka kipimo hakina maana. Kidole kimoja kidevuni kinatosha. Mgonjwa asiyeona vizuri apewe kitu kikubwa, mfano kifuniko chekundu cha chupa. Na mgonjwa aliyechoka au asiyesikiliza anatoa matokeo ya mgonjwa. Kabla ya kuandika lolote, mwambieni asome herufi iliyobandikwa kwenye peni wakati inakwenda, kisha rudieni. Mara nyingi nusu ya "tatizo" inaondoka hapo.

Tazameni ukingo wa duara la rangi ya jicho dhidi ya weupe. Miruko midogo inayoelekea kule peni inakokwenda maana yake jicho liko nyuma na linakimbizana. Miruko inayokwenda kinyume na peni ni habari nyingine: ama jicho linatangulia kitu, ama kuna miruko ya kuingilia isiyohusiana na kusindikiza. Kwa hiyo andikeni upande wa mruko kila mara. "Macho yanakatika" peke yake hayamsaidii atakayepokea rufaa.

Jicho lisilofika pembeni ni jambo tafauti kabisa. Hapo fikirieni msuli au neva (ya sita likishindwa kwenda nje, ya tatu likishindwa kwenda ndani), au ile njia inayounganisha kiini cha neva ya sita na cha tatu. Katika tatizo la kusindikiza lenyewe, jicho linafika. Linafika vibaya.

Kitambaa: chukueni kipande cha marekani, upana sentimita 10 na urefu mita 1.5, mkipake mistari ya wino mweusi, sentimita 5 nyeusi na 5 nyeupe. Kivuteni mbele ya mgonjwa, sentimita 50 kutoka machoni, kwa sentimita 10 hadi 15 kwa sekunde, naye aambiwe atazame kila mstari unapopita katikati. Macho yatasindikiza mstari, yaruke kurudi, yasindikize unaofuata. Linganisheni kuvuta kulia na kuvuta kushoto. Kipimo hiki kina thamani kubwa kwa mgonjwa aliyepoteza nusu ya uga wa kuona: pande mbili zikilingana, jeraha huenda liko nyuma kabisa kwenye gamba la kuona, kusindikiza kukiwa dhaifu kitambaa kinapoelekea upande wa jeraha, fikirieni zaidi gamba la juu (parietali) na nyuzi za ndani yake. Kanuni hiyo ni ya Cogan. Si hukumu ya mwisho, lakini inasaidia kuamua nani apelekwe kwenye picha ya kichwa mapema.

Kiti: mgonjwa anyooshe mikono mbele, vidole gumba juu, atazame gumba. Mzungusheni yeye na kiti pamoja, polepole, kulia na kushoto. Kichwa kinazunguka, sikio la ndani linataka kuyarudisha macho nyuma, na mfumo wa kusindikiza unapaswa kulizuia. Macho yakibaki kwenye gumba, vizuri. Yakipigapiga, kusindikiza ni dhaifu upande huo, na matokeo haya yanapaswa kukubaliana na ya peni. Tahadhari: mtu ambaye masikio yake ya ndani yote mawili yamekufa atafaulu kiti hata kama kusindikiza kwake kumeharibika, kwa sababu hakuna cha kuzuia.

mkunazini_77

Mimi nijuavyo macho yakikatikakatika kwenye peni ni serebela. Si ndiyo inayoulizwa kwenye mitihani?

tabibu.mkoani

Ndugu Mkunazini, ni moja katika sababu, na kwa kuhesabu wagonjwa si ya kwanza. Macho yakikatika pande zote mbili sawasawa, anzeni na umri na dawa. Uzee unashusha kasi ya kusindikiza na unaongeza ucheleweshaji. Fenobabitoni, fenitoini, karbamazepini na diazepamu zinafanya hivyohivyo, na pombe pia. Mgonjwa wa kifafa anayetumia fenobabitoni akikutwa na macho yanayokatika, ulizeni dozi yake na mara ya mwisho ameimeza lini, kabla ya kuandika serebela. Wala asiambiwe aache dawa ili kipimo kiwe kizuri: kuacha fenobabitoni ghafla kunaweza kumletea degedege zisizokatika. Maradhi ya Parkinson nayo yanatoa picha hiyohiyo.

Kutofautisha, tafuteni wenzake. Serebela haiharibiki kimyakimya: tazameni nistagmasi ya kutazama pembeni, mruko unaopitiliza alama na kurudi, kidole kinachokosa pua, mwendo wa kuyumba. Kusindikiza kubovu pande zote bila hata kimoja katika hivyo hakutoshi kusema lolote kuhusu mahali pa jeraha. Kubovu upande mmoja tu kuna uzito zaidi, kwa sababu dawa, uzee na uchovu havichagui upande.

Na hili liandikwe kwa herufi kubwa katika somo: macho yaliyoharibika ghafla pamoja na kuona vitu viwili, kizunguzungu, ulimi mzito au kushindwa kusimama ni dharura ya kiharusi. Peni iwekwe mezani na gari liitwe.

mwalimu_afya_chake

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Habari ya kuvuka mara mbili sasa naiona. Nimebaki na moja: kliniki ya watoto. Mtoto wa wiki sita asiyesindikiza peni, niwaambie wanafunzi wawe na wasiwasi?

binti_uzi

Kwa peni, hapana maalim. Mtoto mchanga anafuata kwa miruko midogomidogo, na kuteleza kunaanza kuonekana wazi karibu na miezi miwili, kunaendelea kukua miezi inayofuata. Tena peni ni kitu kidogo mno kwake. Tumieni uso wa mama, sentimita 25 hadi 30 kutoka kwake, bila sauti ili asifuate kwa sikio, na uende polepole sana, kama nusu ya ile kasi ya sekunde 3. Awe macho na ameshanyonya.

Kile kitambaa cha mistari pia kinafaa, jicho moja likizibwa kwa kiganja. Hapo mkiona mistari inayoelekea puani inasindikizwa vizuri kuliko inayoelekea sikioni, msishtuke: kwa mtoto wa umri huo hali ni hiyo kwa macho yote mawili, na zinakuja kulingana baadaye ndani ya nusu mwaka wa kwanza. Asiyeangalia uso wala kuufuata akifika miezi mitatu, huyo apelekwe kwa daktari wa macho, na kabla ya kuondoka mboni zake zimulikwe kwa tochi. Weupe ndani ya mboni hausubiri tarehe ya kliniki ijayo.